Bata Wawili Ndani ya Mashine ya Gemu

Jumanne ile nilikuwa na marehemu watatu mezani, na wote walikuwa watu wema, wakarimu, wacha Mungu, waliopenda umoja wa familia. Marehemu ndivyo walivyo. Kazi yangu hapa Migori ni kuandika na kuchapa programu za mazishi, zile karatasi zenye picha ya mtu juu na maisha yake chini, na kwa jinsi nilivyoizoea naweza kumaliza nusu ya maisha ya mtu kabla jamaa zake hawajapata viti. Magoti yananiuma, macho yamechoka, na mazishini siendi tena ila nikilazimika. Simu ilipolia nikaona jina la Ochieng', nikasema moyoni, haya, huyu naye ananiletea wa nne. Miaka mingi tulikuwa tunapigiana simu kwa misiba tu. "Atis," akasema, hata salamu hakutoa, "bata wameamka." Nilikuwa nimesimama nikitafuta stepla. Nikakaa.

Maneno hayo hayana maana kwa mtu ambaye hakuwa nasi katika chumba cha nyuma cha Bwana Swaleh, kwa hiyo acha nianzie huko. Bwana Swaleh alikuwa mtu wa Mombasa aliyefungua duka la nguo hapa mjini, leso na kanzu na mashuka, na nyuma ya duka, ukishapita pazia, palikuwa na chumba cha gemu. Televisheni tatu, mashine tatu, mabenchi mawili yaliyong'aa kwa kukaliwa, ukuta wa kijani unaobambuka. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi. Nilikuwa sijatimiza miaka thelathini na nilikuwa nimechoka tayari, maana kukaa siku nzima na watu wanaopiga kelele kwa mpira usiokuwepo si kazi ya kumnenepesha mtu. Chumba kilinuka soksi na mandazi. Kupitia pazia nilimsikia Bwana Swaleh akibembeleza wateja, na Kiswahili changu cha sokoni alikinyoosha yeye, kila siku kidogo, akiwa na kikombe cha kahawa mkononi. "Binti, husemi kitu yangu. Kitu changu. Hicho kitu kimekukosea nini hata ukinyime haki yake?" Nilikuwa nakasirika. Leo nakula kwa Kiswahili hicho.

Ochieng' alikuwa fundi wa redio kutoka Rodi Kopany, mrefu, mchache wa maneno, shati lake lina matundu ya risasi ya kuchomelea. Alikuja kurekebisha padi ya kuchezea iliyogoma, akakaa, akaanza kuchokora mashine ya tatu. Katika orodha ya mipangilio akaona mstari ambao mimi nilikuwa nimeupita kila siku bila kuuona. Ulisema mashine inaweza kupokea mfumo mwingine. Alinieleza hivi: kila mashine ina programu ya kwanza inayoamka ukiiwasha, na hiyo ndiyo huamua mashine itakuwa nini. Hii iliamka ikajiona ni ya gemu. Ukiitilia mfumo mwingine ndani, inaweza kuamka ikajiona ni kompyuta. "Wacha uongo," nikamwambia. "Uongo gani? Si ni ubongo tu? Ubongo iko, mtu ndiye hajauliza." Wiki iliyofuata alirudi na diski mbili za Linux, mfumo wa kompyuta usiouzwa, alizopewa na rafiki yake wa chuoni, na kibodi iliyokosa herufi mbili.

Kabla ya kukubali, mashine ilituuliza swali. Nani apewe sehemu kubwa ya hifadhi na nani apewe kipande cha gigabaiti kumi, gemu au mfumo mgeni? Tulimwita mwenye mali. Bwana Swaleh aliitazama televisheni, akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Yaani yuataka mirathi igawanywe na bado yu hai! Haya, mgeni mpeni kumi. Zamtosha." Tukasubiri, halafu kioo kikawa cheusi, na pembeni juu wakatokea ndege wawili wadogo, weusi wenye matumbo meupe, wamekaa tu, na chini yao maandishi yakiteremka kwa kasi. Ochieng' alisema wale ni alama ya Linux, wanaitwa pengwini. Mimi sikuwahi kumwona pengwini. Nikasema ni bata, na jina la bata likabaki, hata kwa wateja.

Ilikuwa kompyuta mvivu, sikufichi. Ukifungua vitu viwili kwa pamoja inahema. Maandishi kwenye televisheni ile kuukuu yalikuwa yanatetemeka hata kichwa kikaniuma. Lakini iliandika. Asubuhi, kabla wachezaji hawajaja, tuliiamsha upande wa bata. Mchana tukaizima na kuiamsha upande wa gemu. Muuza mboga mmoja alifiwa na mume akaniomba nimwandikie programu, nikaandika, Ochieng' akaibeba kwa flashi hadi duka la kuchapisha, na baada ya hapo wafiwa hawakuisha. Walikaa kwenye benchi la gemu, wamejifunga leso kiunoni, wakigombana kwa sauti ya chini. Fulani awekwe wa kwanza au wa pili. Huyu mke aitwe mke au aitwe mama wa watoto. Nilijifunza mwaka ule kwamba watu hawagombani sana juu ya mambo marehemu aliyoyafanya. Hugombana juu ya majina, nani aandikwe na nani aachwe. Na wakati mwingine wachezaji waliowahi mapema, kwenye mashine ya pili, walipiga kelele ya goli mtu akiwa katikati ya kulia, naye anainua kichwa anauliza, "Nani amefunga?"

Mama Dorka alikuja na kundi kama hilo, kumwandikia mke mwenzake aliyefariki. Alikuwa muuza samaki wa Karungu, mzee mkavu, Msabato wa kutoshika jiko siku ya Jumamosi, na alikuja Migori kila Alhamisi na beseni lake. Wenzake walipoondoka alibaki. Alizitazama zile herufi, akanitazama mimi. Alhamisi iliyofuata akaja peke yake, beseni tupu, akaketi na kuniuliza, "Bata wameamka?" Nikamwambia wameamka. "Basi andika. Mimi Dorka."

Nilishtuka. Kwetu mtu haandiki programu ya mtu aliye hai, achilia mbali yeye kujiandikia. Ni kukiita kifo mlangoni na kukipa kiti. Nilimwambia, "Mama, hii ni maneno mbaya." Akasema, "Maneno mbaya ni ile wataandika wao. Watoto yangu wataandika vile baba zao wadogo wanasema. Wewe andika vile mimi nasema, na usitie sukari." Basi ikawa kila Alhamisi. Aliniletea omena, dagaa wa ziwani waliokaushwa, wamefungwa gazeti, mimi namnunulia nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya mama wa pembeni, tunakula kutoka sahani moja, halafu anasema na mimi naandika. Alisema polepole, macho kwenye pazia. Alisimulia nyavu alizoshona, nyumba aliyoezeka kwa pesa za samaki, mume aliyemwita mvivu mbele ya wageni halafu akala samaki wa huyo mvivu. Alinifundisha bila kujua. Nikimwandikia neno tamu alinizuia: "Hapana. Sikumpenda wakati huo. Nilimpenda baadaye. Andika baadaye."

Alhamisi ya nne, au ya tano, alifika kwenye watoto. "Watoto saba," akasema. Nikaandika majina akiyataja, Samwel wa kwanza, na wengine, hata tukafika wa tano, akaanza kuhesabu upya kwa vidole. Nilidhani amesahau. Akasema, "Akoth." Akaeleza. Akoth alizaliwa mvua ikinyesha hata maji yakaingia ndani, akakua, akafika miaka ishirini na mmoja, akaugua na kufa nyumbani kabla hajaolewa. Na binti ambaye hajaolewa, kwa desturi ya kwetu, hazikwi ndani ya boma. Walimzika nje ya ua, upande wa ziwa. Tangu siku hiyo, kila palipohesabiwa watoto wa Mama Dorka, kanisani, kwenye harusi, kwenye programu ya baba yao, walihesabiwa sita. "Hakuna mtu alisema asitajwe," akaniambia. "Ni kwamba hakuna mtu alimtaja. Mimi nilimbeba huyu. Nilimwosha huyu. Siku yangu wasome saba. Hiyo tu ndiyo nataka. Ile ingine yote unaweza kufuta." Nikaandika saba. Akaniomba nimwonyeshe jina kwenye kioo, akaweka kidole juu yake, televisheni ikamrusha kidogo kwa umeme, akacheka.

Ochieng' alitaka tuichape, au angalau tuiweke kwenye flashi. Mama Dorka alikataa kabisa. Karatasi ya mazishi ikishachapwa, alisema, inamtafuta mwenyewe. Flashi nayo inaweza kuangukia mikononi mwa mtu. Ndani ya mashine ni sawa, kwa sababu ndani ya mashine hakuna kitu, ukiizima, hakipo. Nisiseme kwamba nilimcheka. Mimi mwenyewe niliogopa kuishika karatasi ile. Ochieng' peke yake alitikisa kichwa, akaandika kwa kalamu nzito kwenye utepe wa karatasi na kuubandika juu ya mashine ya tatu: USIKUBALI UPDATE. Alikuwa amesikia kwamba kampuni iliyoitengeneza imebadili nia, na kwamba toleo jipya la mfumo wao linafunga mlango wa mfumo mgeni. Aliniambia mara moja, akaniambia tena. "Atis, ikikuuliza, sema no. Hata kama Yesu ndiye anataka kucheza."

Halafu ikaja gemu mpya ya mpira. Bwana Swaleh aliileta kutoka Nairobi Ijumaa, diski tatu, akaniachia akaenda msikitini. Chumba kilijaa mpaka watu wakasimama dukani kati ya kanzu. Ile diski ilikuja na toleo jipya ndani yake. Bila kulikubali, gemu haifunguki. Mashine ya kwanza ikakubali, ikacheza. Ya pili ikakubali, ikacheza. Ya tatu ikabaki inauliza, na watu wananipigia kelele, "Madam, vipi hapo? Tumekuja kutazama ukuta?" Nilimpigia Ochieng', alikuwa Rodi Kopany, simu imezimwa. Nikasoma. Nimewaambia watu kwa miaka kwamba sikusoma, kwamba kulikuwa na kelele, kwamba Kiingereza kilikuwa kirefu. Nilisoma. Ilisema wazi kwamba mfumo mwingine hautafunguka tena. Lakini nilikuwa nimechoka, kichwa kinaniuma, na nilimwamini Ochieng' kupita kiasi. Nilidhani hakuna kitu kinachofungwa ambacho yeye hawezi kukifungua. Nikabonyeza ndiyo. Watu wakashangilia.

Ochieng' aliporudi alikaa mbele ya mashine asubuhi nzima. Mstari ule kwenye orodha haukuwepo tena. Nilimwambia ukweli, kwamba ni mimi, na hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alibandua ule utepe wake polepole, akaukunja, akautia mfukoni. Alisema, "Maneno yako ndani. Hayajafutwa. Mlango ndio haupo." Alhamisi ikafika. Mama Dorka akaketi na beseni lake. "Bata wameamka?" Nikamwambia, "Mama, mashine inaumwa kidogo." Akasema, "Itapona," akala nyoyo yake. Alhamisi iliyofuata akauliza tena, nikamjibu vile vile. Alhamisi ya tatu hakuja, na sokoni wakaniambia alianguka akishuka ufukweni, wala hospitali hakufika.

Walikuja watu wawili kuandika programu: Samwel, mwanawe wa kwanza, mwanamume mpole mwenye kofia mkononi, na baba yake mdogo, mzee wa fimbo, aliyeketi kabla hajakaribishwa. Niliwaambia siku hizi mashine imerudi kwa gemu, ninaandika kwa mkono kisha napeleka kupigwa chapa. Nikafungua daftari. Yule mzee ndiye aliyesema yote. Marehemu alikuwa mke mtiifu, mwenye kupenda umoja wa familia. Niliandika. Samwel akanikatiza, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Madam, mama hakuacha kitu hapa? Maneno yoyote?" Kabla sijajibu mzee akacheka, "Mama wa samaki aache maneno kwa gemu? Andika, tunachelewa. Aliacha watoto sita." Nikamtazama Samwel. Alikuwa ananitazama. Nikasema, "Hapana, hakuna." Nikaandika sita. Mzee akatangulia nje kupitia duka. Samwel akasimama penye pazia, tukiwa sisi wawili tu, akaniuliza tena, "Una hakika hakuna kitu?" Nikasema hakuna. Akavaa kofia yake akaondoka.

Nilijipa sababu zangu, na nimezitumia mpaka zimechakaa. Sikuwa na karatasi. Ningeulizwa, wewe msichana wa gemu, umeyatoa wapi? Ningeonyesha nini? Mashine inayocheza mpira? Bwana Swaleh alijua kuna jambo, akaniambia, "Binti, una nini? Uso umekusawijika." Nikamwambia malaria. Mwisho wa mwaka ule alifunga duka akarudi kwao, mashine ya tatu akamwachia Ochieng', maana ilikuwa haisomi tena diski. Mimi nikaanza kuandika programu kwa kazi, na kitu kimoja tu nilikishika: kila familia ikikaa mbele yangu nauliza, kuna mtoto ambaye hamjamtaja? Wengine hukasirika. Wengine hulia. Nimewauliza wote hao swali hilo, nami mwenyewe niliulizwa mara mbili.

Sasa Ochieng' ana kibanda chake Homa Bay, anatengeneza simu, mvi zimemjaa na bado ni mchache wa maneno. Nilipofika, meza ilikuwa na ugali na samaki aina ya ngege, mzima na kichwa chake, na pembeni ile mashine, imefunguliwa, feni imefungwa kwa waya. Alikuwa ameijaribu mara nyingi kwa miaka na kila mara akaifunika. Baadaye watu wa nchi za mbali walipata njia ya kuuvunja ule mlango, wakaiandika bure mtandaoni, naye akaifuata hatua kwa hatua, kwa kuogopa, kwa sababu kosa moja lingeiua mashine moja kwa moja. "Kwa nini hukuacha tu?" nikamwuliza. "Uliniambia ni wewe ulibonyeza," akasema. "Mtu mwingine angesema ni stima." Akawasha. Kioo cheusi. Wale ndege wawili wakakaa pale juu, hawajazeeka hata kidogo, nami nikalia, sikujizuia, Ochieng' akajifanya anatafuta chumvi.

Faili ilikuwepo, ile ile, na makosa yangu ya herufi mbili zilizokosekana kwenye kibodi. "Mimi Dorka nimezaa watoto saba. Wa tano ni Akoth. Alikuja na mvua. Hakuolewa na hakukosea kitu. Wasome jina lake siku yangu." Ochieng' akauliza kama tulivyokuwa tunawauliza wafiwa zamani, "Nakala ngapi?" Nikamwambia moja.

Karungu nilifika siku iliyofuata, alasiri. Yule mzee wa fimbo alishafariki. Programu yake niliiandika mimi. Samwel alikuwa kivulini akishona wavu, amekuwa mzee, kofia ile au ndugu yake kichwani. Mkewe alinipa maji, kisha chai, na hakuna aliyeniuliza nimefuata nini mpaka nilipomaliza kikombe. Nikamkabidhi karatasi. Alisoma mara moja, akarudi juu, akasoma tena, midomo ikisogea. Nilianza kumweleza habari ya mashine, na diski, na mlango uliofungwa, na kwamba sikuwa na karatasi. Alinyanyua mkono.

"Mama aliniambia," akasema. "Kabla. Aliniambia, siku yangu nenda kwa yule msichana wa bata, anayajua. Mimi mbele ya baba mdogo nisingeweza kulisema lile jina. Kwake nilikuwa mtoto tu. Lakini wewe ulikuwa mgeni, ungesema mama alisema, na mzee angenyamaza. Sikutaka karatasi. Nilitaka useme." Akaikunja karatasi kwenye mkunjo ule ule. "Nilikuuliza mara mbili."

"Najua," nikasema. "Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Aliita nyumba nzima, mke, wana, wakwe, wajukuu waliokuwa wakianika omena, wakaja wakifuta mikono, wakasimama tu bila kujua ni habari gani. Halafu akainuka, akaanza kutembea, nasi tukamfuata, tukatoka langoni, tukazunguka ua hadi upande wa ziwa, mahali penye nyasi ambapo hapakuwa na msalaba wala jiwe. Akanirudishia karatasi.

"Sasa sema," akaniambia.

Nikasoma tangu mwanzo, sikuruka kitu, nyavu, nyumba, mume aliyependwa baadaye. Nikafika kwenye watoto saba. Wa kwanza Samwel. Wa pili, wa tatu, wa nne. Nilipofika wa tano nilipaza sauti.